Amana Isiyokabidhiwa

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na kaunta ya duka langu la steshonari hapa Tanga imejaa. Vijana wawili wa chuo walikuwa wanasubiri ripoti zao zifungwe, mama wa Makorora ameleta cheti cha kuzaliwa cha mjukuu kitolewe kopi, na mzee mmoja wa Mabawa anafuatilia karatasi za mirathi ya kaka yake. Skrini yangu huwa nimeigeuza kidogo upande wa wateja, ili mtu aone ninachomwandikia na anisahihishe jina la ukoo au tarehe kabla karatasi haijatoka. Pembeni ya skrini ile kikachomoza kijisanduku chenye rangi za sherehe, kikinialika nitazame kumbukumbu zangu. Ndani yake palikuwa na picha ya mkono wa mwanamke, kuanzia kiwikoni hadi begani, umejaa alama za kupigwa.

Mkono ule ninaujua. Mwenyewe alikuja dukani miezi miwili nyuma, jioni, nikiwa nakaribia kufunga. Alikuwa na picha tano kwenye simu. Alitaka zitolewe kwa rangi azipeleke ustawi wa jamii, kisha akaniomba jambo la pili: "Dada, niwekee na hapo kwako. Simu yangu huwa inapekuliwa." Nikamwekea. Nilitengeneza folda, nikaipa jina lisiloonyesha kitu, nikafuta picha kwenye simu yake mbele ya macho yake, akaondoka.

Kijisanduku nilikifunga upesi. Mama wa Makorora alikuwa ameshageuza uso, anatazama bei za madaftari ukutani. Watu wa mji huu wana adabu ya kutoona kisichowahusu, na siku ile adabu hiyo ilinisitiri mimi na ikamsitiri yule dada. Ila mikono yangu ilitetemeka mpaka adhuhuri. Picha zile zilikuwa ndani ya kompyuta yangu. Sikumpa mtu, sikuzituma popote. Sasa ni nani aliyezichambua na kuziita kumbukumbu?

Duka langu lipo Ngamiani, katika zile barabara zetu za namba. Ni chumba kimoja: mashine ya kopi, printa mbili, kompyuta, kabati la kalamu na bahasha. Anayepita nje huona ninauza karatasi. Kazi yenyewe ni siri za watu. Kwa wiki moja naweza kuandika barua ya posa na hati ya talaka, wasia, mauziano ya kiwanja cha Pongwe, malalamiko ya mwalimu dhidi ya mkubwa wake, maombi ya mkopo yenye mshahara wa mtu mpaka senti ya mwisho. Nakala za vitambulisho vya NIDA sizihesabu. Majibu ya vipimo vya hospitali huletwa yaskaniwe yatumwe kwa ndugu Dar, na mleta karatasi mara nyingi hunitazama usoni nisome asichoweza kusoma mwenyewe. Hayo yote, jioni ile nilipokaa kuchunguza, niliyakuta yamepanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Miezi mitano ya kazi.

Ilianzaje? Kompyuta ya zamani ilikufa, nikanunua nyingine ya mtumba, fundi akaiwekea mfumo mpya. Mfumo ulipowaka kwa mara ya kwanza ulidai akaunti, nikaweka barua pepe yangu. Kurasa zikafuatana, kila moja ina kitufe kikubwa cha rangi cha kuendelea na maandishi madogo ya kijivu pembeni. Niliendelea, kama anavyoendelea kila mwenye wateja mlangoni. Tangu hapo folda za nyaraka, picha na zile faili ninazoziacha kwenye uso wa kompyuta zilikuwa zimehamishwa anwani. Kwa macho zilikaa palepale, kwa jina lilelile. Ndani, zilikuwa zimeingizwa kwenye folda ya hifadhi ya mtandaoni, na kila nilichohifadhi kilipakiwa kwenda kwenye mitambo ya kampuni.

Dalili zilikuwepo, nami sikuzisoma. Bando. Dukani natumia intaneti ya simu, naiwasha kwa ajili ya kutuma barua pepe na fomu za maombi za serikali. Bando lililokuwa likinifikisha wiki likawa linakata siku ya pili. Nikabadilisha laini, nikamlaumu kijana anayenisaidia kwamba anatazama video. Hakuwa anatazama video, na nimeshamwomba radhi. Kompyuta ndiyo ilikuwa inabeba kurasa nilizoskani, moja baada ya nyingine, kwa pesa yangu. Baadaye likaja onyo jekundu: nafasi imejaa, faili zako hazilindwi tena. Nilishtuka. Nililipia nafasi zaidi kwa miezi miwili, nikiamini naokoa kazi za watu.

Kampuni iliyotengeneza programu ile siitaji, kwa kuwa nimeona mtindo huu si wa kampuni moja. Yaliyo wazi kwa umma yanaonyesha hivyo. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inatoa GB 5 bure, iCloud ya Apple nayo GB 5, Google inatoa GB 15 zinazogawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili. Apple iliingiza folda ya nyaraka na uso wa kompyuta ndani ya iCloud tangu macOS Sierra, mfumo wa kompyuta zake wa mwaka 2016. Kwa upande wa Windows 11, mfumo wa kompyuta wa Microsoft, mwaka 2024 waandishi wa habari za teknolojia waliripoti kwamba uwekaji mpya wa mfumo ulikuwa ukiwasha bakapu, yaani nakala ya akiba, ya folda kwenye OneDrive bila kumuuliza mtumiaji kwanza. Ukipiga hesabu, GB 5 ni ndogo kuliko folda ya picha ya watu wengi wenye simu za kawaida. Hifadhi ikiwashwa yenyewe juu ya folda kama hiyo, itajaa tu, na ikijaa, anayeombwa pesa ni mtu ambaye tayari ametishwa.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani, na baada ya kustaafu aliandikia watu barua kwa taipu barazani kwetu. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati. Watu walileta bahasha wakamwambia, "Mzee, niwekee hii." Hati ya nyumba, barua ya mtoto aliye mbali, mara nyingine pesa zimefungwa kwenye kipande cha kanga. Hakufungua. Aliandika jina la mwenyewe na tarehe kwenye daftari, basi. Aliposafiri kwenda Pangani kwa wiki moja, aliwapitia wenye bahasha mmoja mmoja kuwaambia sanduku litalala kwa ndugu yake Chumbageni, na asiyeridhia aje achukue chake. Nilikuwa mtoto, niliona anajichosha bure.

Chuoni, yaani madrasa, tulifundishwa masharti ya amana kabla hatujajua kugawanya mirathi. Amana hukabidhiwa na mwenyewe kwa mkono wake. Aliyekabidhiwa haitumii, haifungui, haihamishii kwa mwingine bila ruhusa, na akiombwa anairudisha kama ilivyo. Kitu kilichochukuliwa nyumbani kwa mtu bila yeye kukitoa, hata kikawekwa mahali pazuri kuliko kwake, hakiwi amana. Kina jina lingine, na kila mtoto wa chuoni analijua.

Kwa hiyo wanaponiambia kwamba mitambo ya kampuni hizi ni imara kuliko duka langu, nakubali bila ubishi. Hewa ya bahari hapa inakula vyuma, umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, hadidiski mbili zimenifia mkononi. Mwenye kuchagua mwenyewe kuweka picha za harusi yake kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, amefanya jambo la busara, na nimewasaidia wateja wengi kufanya hivyo. Nisichokikubali ni mtu kunihamishia sanduku usiku kisha asubuhi aniambie amelilinda.

Tena aliyelihamisha anaweza kulifungua. Hili wengi hawalijui. Faili hufungwa kwa fumbo, asizisome asiye na ufunguo, zikiwa njiani, na hufungwa tena zikifika kwenye mitambo, ila kwa huduma nyingi za kawaida ufunguo unabaki mikononi mwa kampuni. Ndiyo maana mashine yao iliweza kutambua kwamba faili ile ni picha, ikaipamba kwa rangi za sherehe. Ulinzi ambao ufunguo anao mwenye faili peke yake upo. Apple iliuleta kwa hifadhi ya iCloud mwishoni mwa mwaka 2022, na ni hiari, lazima mtu auwashe mwenyewe. Angalia mpangilio huo: kinachopeleka faili nje kinakuja kimewashwa, kinachozifungia macho ya wengine kinakuja kimezimwa. Ongeza kwamba Marekani, ziliko kampuni hizi, ina sheria ya mwaka 2018 iitwayo CLOUD Act, inayoziwezesha mamlaka zake kuiamuru kampuni itoe taarifa ilizonazo hata kama mitambo iko nchi nyingine. Talaka ya mtu wa Usagara inaingia kwenye mkono wa sheria ambayo hajawahi kuisikia.

Nirudi kwenye siku zile. Baada ya kuelewa, nilifanya kosa ambalo naliandika kwa kirefu ili msomaji asilirudie. Niliingia kwenye akaunti kwa njia ya kivinjari, nikachagua folda zote, nikafuta. Nilidhani nafuta nakala. Niliporudi kwenye kompyuta, folda zilikuwa tupu. Hifadhi ya namna hii haikai na nakala ya pili pembeni kama flashi iliyo kwenye droo. Inalinganisha pande mbili: ukifuta huku, inafuta na kule. Jina la bakapu linamfanya mtu aamini ana vitu viwili, kumbe ana kimoja kinachoonekana mahali pawili.

Mzee wa Mabawa alikuja siku iliyofuata. Kesho yake alitakiwa Mahakama ya Mwanzo na orodha ya mali za marehemu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Iko tayari?"

Nikamwambia ukweli, kwamba faili haionekani na naitafuta. Alikaa kwenye benchi, akaweka kofia yake gotini, akasema, "Tafuta. Mimi nipo." Mzee yule alikaa saa tatu. Niliikuta kwenye kapu la takataka la akaunti, ambako faili hukaa siku 30 kabla ya kuondolewa kabisa, nikanunua bando jingine kuzirudisha zote. Nilimprintia orodha yake, sikuchukua pesa. Alitaka kulipa. Tulivutana mpaka akaziweka noti mfukoni.

Kazi ya kuiondoa programu yenyewe inahitaji utulivu. Kwanza nilinakili kila kitu kwenye hadidiski ya nje, nikaifungua diski hiyo na kuona faili zinafunguka kweli. Hapa kuna mtego mwingine: baadhi ya faili zinaonyesha alama ya wingu, maana yake kwenye kompyuta kuna jina tu, mwili wake uko mtandaoni. Hizo lazima zishushwe kwanza. Kisha nilizima bakapu ya folda moja moja, na baada ya kuzima nikakuta folda zangu za kawaida tupu, kwa sababu mfumo uliziacha faili upande wa hifadhi. Mtu asiyejua atadhani zimepotea, atawasha tena haraka, na pengine wengi ndivyo wanavyorudi. Nikazihamisha kwa mkono kurudi kwangu. Nikabonyeza kila folda kuangalia anwani yake haina tena jina la hifadhi ile ndani yake. Mwisho nikaiondoa programu. Ilinichukua Ijumaa nzima baada ya swala mpaka usiku.

Wiki ile nilikumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na mtandao ukazorota vibaya nchini kote. Nilikuwa bado na kompyuta ya zamani. Barua pepe hazikwenda, ila niliandika na kuprinti kama kawaida, maana kila faili ilikuwa ndani ya mashine. Kwa mpangilio niliokuwa nao miezi hii mitano, nusu ya wateja ningewaambia warudi mtandao ukirudi.

Kuna habari moja ambayo kwa maoni yangu inaonyesha mambo haya yanaelekea wapi. Microsoft ilisitisha matengenezo ya kawaida ya usalama ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kompyuta nyingi za mtumba zinazoingia Tanga haziwezi kubeba Windows 11, kwa kuwa inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Wenye mashine hizo walipewa njia tatu za kupata mwaka mmoja zaidi wa matengenezo: walipe dola 30, watumie pointi 1,000 za mpango wa zawadi wa kampuni, au wawashe bakapu ya mipangilio ya kompyuta kwenda kwenye akaunti ya mtandaoni. Vyama vya kutetea walaji vya Ulaya vikapinga, na kwa nchi za eneo la uchumi la Ulaya sharti la bakapu likaondolewa, ikabaki kuingia kwenye akaunti tu. Kwetu huku sharti likabaki. Programu ni ileile, herufi kwa herufi. Kilichotofautisha ni kwamba kule kuna watu waliokaa pamoja wakakataa, na sheria ikawasimamia.

Sisi sheria tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa faragha ya nafsi yake, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume ya kuisimamia. Nimeisoma kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, nikiwa na chai. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na kusudi linalojulikana, azilinde, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Taarifa za afya na za watoto inazitaja kuwa nyeti. Nilipofika hapo niliiweka chini, kwa sababu mkusanyaji anayezungumzwa ni mimi. Mwenye steshonari. Yule mama wa Makorora hajakabidhi cheti cha mjukuu kwa kampuni ya ng'ambo, amenikabidhi mimi, na akiuliza kilikokwenda mimi ndiye wa kujibu. Ningependa Tume ianze na sisi wenye maduka, itufundishe kabla ya kutuhukumu, kwa kuwa kila mtaa una duka kama langu na kila duka lina mashine iliyowashwa kwa kubonyeza endelea, endelea.

Sasa nafanya hivi. Kompyuta inatumia akaunti ya ndani, isiyofungamana na barua pepe. Kuna diski mbili: moja droo ya dukani, nyingine kwa dada yangu Muheza, zote nimezifunga kwa VeraCrypt, programu ya bure, na paswedi naijua mimi. Kila mwezi nabadilishana naye diski ninapokwenda kumsalimu. Kazi ya mteja ikishatolewa namuuliza: niifute au nikuwekee? Wanaosema niwekee nawaandika kwenye daftari, jina na tarehe. Wengi wanasema futa, tena wanasema upesi, nikatambua walikuwa wakingoja miaka yote mtu awaulize.

Yule dada nilimtafuta. Sikuweza kumpigia, simu yake inapekuliwa, kwa hiyo nilingoja mpaka nikamwona sokoni Tangamano, nikamwomba apite. Alipita jioni. Nikamsimulia yote: programu, folda, kijisanduku, watu waliokuwepo kaunta. Nilimwambia nimezifuta kwenye akaunti na kwenye kapu lake.

"Kwa hiyo huko zilikokwenda hazipo tena?"

"Mimi nimefuta. Wao wanasema zinafutika."

"Wewe umeona?"

"Sijaona."

Alinyamaza. Akauliza kama waliokuwa kaunta walijua ni mkono wa nani, nikamwambia hapana. Nikampa flashi yenye picha zake tano, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaifungua, akanirudishia.

"Kaa nayo wewe," akasema. "Ila hiyo usiichomeke popote."

Iko kwenye bahasha, imeandikwa tarehe, ndani ya sanduku la baba.